Mkataba wa pikipiki umeisha ila bado nalipa hesabu kila siku: uzi wa nidhamu ndogondogo na uhuru wa baadaye

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani, mwaka wa nne huu nasoma nyuzi za watu na kupita. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimetokea kijiweni kwetu wiki hii kimenikaa rohoni, na najua humu kuna vijana wengi wa boda, wa bajaji, wauza matunda, mafundi, watu ambao hela yetu inaingia kwa siku na kutoka kwa siku. Uzi ni mrefu, kama una haraka pita utarudi baadaye.

Kuna dogo hapa kijiweni alimaliza mkataba wa pikipiki miezi mitatu iliyopita. Tulimpongeza sana, tukachanga tukanunua soda, maana kumpelekea bosi hela kila siku zaidi ya mwaka mzima bila kunyang'anywa chombo sio kitu kidogo. Jumatatu kaja kijiweni kwa miguu. Pikipiki kaiuza na sasaivi anatafuta bosi mwingine ampe mkataba mwingine, aanze tena moja. Nikamvuta pembeni nikamuuliza mdogo wangu imekuaje, akaniambia "kaka, mkataba ulivyoisha nikawa sina presha, hela naziona kabisa zinakuja, lakini sijui zilikua zinaenda wapi".

Hayo maneno nimelala nayo siku mbili.

Watu wanapenda sana kusema vijana wa boda hawana nidhamu. Mimi nakataa kabisa. Mtu anaamka saa 11 alfajiri, mvua ya masika inampiga, trafiki wanamsumbua, anarudi saa 3 usiku mgongo umekufa ganzi, na katika hela yake yote ya kwanza anayoitenga ni ya bosi, kila siku, wiki 60, huyo mtu utasema hana nidhamu? Nidhamu tunayo wakuu, tena kubwa. Shida ni kwamba hiyo nidhamu tunamfanyia mtu mwingine, na siku huyo mtu akiondoka tunaona kama na sababu ya kutenga hela imeondoka naye. Yaani yule dogo alikua na uwezo wa kutenga 11,000 kila siku, kaufanyia mazoezi mwaka mzima, alafu siku alipopata nafasi ya kujitengea mwenyewe akauacha palepale mlangoni kwa bosi.

Kwa wasiojua haya mambo nieleze kidogo. Bosi ananunua pikipiki, mnaandikishana, unampelekea hesabu kila siku kwa mda mliokubaliana, mda ukiisha pikipiki na kadi yake ya umiliki vinakua vyako. Wa kwangu ulikua 11,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, Jumapili yangu, wiki 60. Piga mwenyewe, siku 360 mara 11,000 ni 3,960,000. Pikipiki hiyohiyo dukani wakati ule ilikua 2,600,000. Kwa hiyo nililipa 1,360,000 ya ziada kwa sababu sikua na hela ya mkupuo. Simlaumu bosi, kaweka mtaji wake na kuna madereva wanapotea na vyombo vya watu. Ila hiyo 1,360,000 ishike kichwani, maana ndio bei niliyolipa kwa kukosa akiba.

Na huo nilioueleza ni mkataba wangu wa pili. Wa kwanza niliupoteza.

Huo wa kwanza masharti yalikua hayohayo. Nilikua nalipa vizuri tu, ila jioni nikishapeleka hesabu naona kilichobaki ni changu, nimekitolea jasho, acha nijifurahishe. Kila siku lazima nibeti buku mbili, yaani 2,000. Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa timu 10, timu 12, unachanika kwa timu moja, kesho tena. Sikua naona kama ni hela, buku mbili ni nini bwana. Wiki ya 30 nikashikwa na malaria, nikalala siku tano siwezi hata kusimama. Siku tano ni 55,000. Sikua nayo. Nilikua nimeshakula mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, mwezi uliopita kwa hiyo hata pa kukopa palikua pamefungwa. Siku ya sita saa 1 asubuhi bosi kaja na kijana wake wana ufunguo wa akiba, wakaisukuma pikipiki nje ya geti mimi nimesimama na shuka begani. Mama watoto hakusema kitu, alimchukua mtoto akaingia naye ndani asione.

Nilikua nimeshalipa siku 180, yaani 1,980,000. Zote zimeenda kwa deni la 55,000.

Baadaye, homa ilivyotulia, nikapiga hesabu nyingine ambayo iliniuma kuliko ile. Buku mbili ya mkeka mara siku 180 ni 360,000. Hiyo hela ingelipa hesabu siku 32. Ningeweza kuumwa mwezi mzima na pikipiki ikabaki uani kwangu. Kwa hiyo malaria haikuninyang'anya pikipiki wakuu, malaria ilikuta mlango uko wazi.

Shangazi yangu ni mama wa sokoni, kauza dagaa miaka mingi, ndio aliyenikalisha chini. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, "wewe mwanangu hela yako unaiona saa ngapi?" Nikamwambia usiku nikishafunga kazi. Akasema ndio maana haikai. Usiku umechoka, una njaa, una marafiki, kuna mpira, kila mtu anakudai kitu, hapo hata malaika hawezi kuweka akiba. Weka asubuhi, hela ikiwa bado chache, kabla hujajiona una hela.

Basi nilivyopata bosi wa pili nikaenda kwa fundi seremala nikanunua kibubu cha mbao, 4,000, ukubwa kama tofali, kina tundu juu, hakina mlango, ukitaka kukifungua unakivunja. Utaratibu ukawa hivi: naamka saa 11, napiga tripu za watu wanaowahi kazini, napeleka watoto wawili wa shule ambao wazazi wao wananilipa kwa mwezi, saa 2 na nusu napita nyumbani kunywa chai, na kabla sijakaa chini natoa noti ya buku mbili, naikunja mara nne, naisukuma kwenye lile tundu na kipande cha spoku. Lile tundu lilikua jembamba, noti ikiwa mpya inaingia yenyewe, ikiwa imechakaa inakwama inabidi uisokomeze taratibu. Nikishaweka, nafungua daftari dogo la kurasa 40 naandika tarehe na mstari mmoja. Hamna maelezo, mstari tu. Alafu nakunywa chai.

Hiyo kazi inachukua dakika moja. Ila ile dakika ndio ilinibadilisha.

Kwa nini daftari? Kwa sababu kichwa kinadanganya. Ukijiuliza wiki hii umeweka akiba mara ngapi, kichwa kitakwambia karibu kila siku, daftari litakwambia mara tatu. Baadaye nilikuja kusoma habari za Eliud Kipchoge, yule Mkenya aliyekimbia kilomita 42 chini ya saa mbili pale Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alitumia saa 1 dakika 59 na sekunde 40, nikakuta na yeye mazoezi yake anayaandika kwenye madaftari miaka yote. Bingwa wa Olimpiki mara mbili, ana hela zake, ila wakati wa mazoezi alikua anakaa kambini Kaptagat na wenzake na kusafisha vyoo kwa zamu kama wengine. Mwaka 2017 alienda kuongea Oxford huko Uingereza akasema wenye nidhamu peke yao ndio watu huru, asiye na nidhamu ni mtumwa wa hisia zake na tamaa zake. Nilivyoyasoma hayo maneno nilikua nimekaa juu ya pikipiki nasubiri abiria, nikakumbuka ile mikeka yangu. Mimi nilikua nadhani jioni nikibeti ndio nafanya ninavyotaka. Kumbe ndio saa peke yake kwa siku ambayo nilikua sina uamuzi.

Na jambo jingine la Kipchoge ambalo watu hawalisemi sana, mwaka 2012 alikosa kuchaguliwa kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mtu aliyekua bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, alafu anaachwa nyumbani. Mwaka uliofuata ndio akahamia marathoni, akashinda Hamburg. Kwa hiyo wewe uliyepoteza mkataba wa kwanza, au duka, au mtaji wa kwanza, yale mazoea mazuri uliyoyajenga hayajapotea na pikipiki, bado yako mwilini mwako.

Naendelea.

Siku ya mwisho ya mkataba nilimpelekea bosi 11,000 yake dukani kwake, akazihesabu, akanyanyuka akatoa kadi kwenye droo, tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa tukaandikishana mbele ya mwenyekiti. Nililia njiani, sioni aibu kusema.

Kesho yake saa 11 alfajiri nimeamka kama kawaida, nimekaa juu ya pikipiki, nikajikuta sijui naenda kumtafutia nani. Siku hiyo nikafanya kazi, jioni nina ile 11,000 mkononi haina mwenyewe. Nikanunua kuku na chipsi, tukala nyumbani tukafurahi. Siku ya pili nikanunua viatu. Ya tatu rafiki ana shida, nikampa. Ya nne sikumbuki. Siku ya tano asubuhi nakunywa chai, mama watoto kaja na kibubu kipya kabisa, kakiweka mezani mbele yangu akasema "bosi wako mpya huyu, anataka 11,000 yake kama yule wa zamani".

Wakuu, kama kuna sentensi iliyobadilisha maisha ya familia yangu ni hiyo.

Nikaanza kulipa hesabu kwangu mwenyewe. Kiwango kilekile, siku zilezile 6. Na ukweli niuseme maana uzi bila ukweli haumsaidii mtu, sikuweza kulipa siku zote. Daftari la mwaka ule linasema nililipa siku 255 kati ya 312. Kuna siku chombo kilikua gereji, kuna misiba, kuna siku nilikua mvivu tu. Lakini siku 255 mara 11,000 ni 2,805,000. Hela hiyo mimi kwenye maisha yangu sikuwahi kuwa nayo mara moja. Yaani kwa mwaka ule nilikua nimejinunulia pikipiki nyingine bila kuomba mkataba kwa mtu.

Hela haikukaa yote kwenye kibubu. Hela nyingi ndani ya nyumba ni hatari, kuna wezi, kuna moto, kuna panya, na kuna wewe mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi tulikua tunavunja tunapeleka UTT AMIS, kampuni inayokusanya hela za watu na kuziwekeza, kwenye mfuko wao wa Ukwasi, tulianza na 100,000 ndio kilikua kiwango cha kuanzia wakati ule, baada ya hapo ulikua unaongeza kuanzia 10,000. Nilichokipenda ni kwamba ukitaka kutoa ilikua inakuchukua siku kadhaa za kazi, kwa hiyo tamaa ya Ijumaa usiku ilikua haifiki. Faida inapanda na kushuka kutegemea soko, asije mtu akakwambia hamna hatari yoyote, soma kwanza. Mama watoto yeye yuko kwenye kikoba cha wamama wa mtaani, wanakutana Jumapili, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Ukiangalia vizuri kila kitu nilichokitaja hapa, kibubu, UTT, kikoba, vyote kazi yake ni moja, kuweka umbali kati ya mkono na hela. Mimi sina moyo wa chuma. Hela ikiwa kwenye simu yangu saa 3 usiku mpaka leo sijiamini. Kwa hiyo nahakikisha hiyo saa 3 ikifika hela haipo.

Sasa uhuru uko wapi, maana hilo ndio neno nililoweka kwenye kichwa cha uzi.

Watu wakisikia uhuru wa kifedha wanafikiria gari na nyumba ya vioo. Mimi nakwambia uhuru wa kwanza nilioupata ni wa kusema hapana. Ukiwa unatafuta hesabu ya bosi saa 2 usiku una 6,000 tu mfukoni, utabeba chochote. Utabeba mshikaki wa watu watatu. Utapita njia ambayo sio yako, utakata barabara mbele ya daladala. Atakuja mtu usiyemjua saa 6 usiku anataka kwenda porini huko na unaona kabisa macho yake sio mazuri, na utaenda, kwa sababu hesabu haijatimia. Mwenzetu mmoja alivunjwa mguu kwenye tripu ya hivyo, pikipiki ikachukuliwa, na deni la bosi likabaki palepale. Mimi sasaivi saa 2 usiku nawasha taa naenda nyumbani. Mtu akiniambia nitakupa mara mbili nampa pole namwambia tafuta mwingine. Hiyo "hapana" imejengwa na zile noti za buku mbili, moja moja, na zile siku 255.

Uhuru wa pili. Mwaka jana binti yangu alilazwa na malaria siku nne. Nilikaa naye. Pikipiki iko uani imefunikwa turubai, simu haikuita hata mara moja mtu anauliza hela yake iko wapi. Usiku wa tatu homa imeshuka, kanishika kidole akalala, na mimi nikawaza ile asubuhi ya shuka begani na geti likiwa wazi. Ugonjwa uleule, nyumba ileile.

Nimeona maswali yameanza kuja, nijibu hapahapa.

Mdau kasema mimi naongea kwa sababu boda inaingiza, kuna watu siku inaisha na 5,000 na watoto wanne, nidhamu gani hapo. Mkuu uko sahihi na sitaki kukupinga. Kuna ule utafiti maarufu wa Walter Mischel wa chuo cha Stanford Marekani, miaka ya 60 mwishoni na 70 mwanzoni, mtoto mdogo anawekewa kitamu mezani anaambiwa ukisubiri bila kula nikirudi nakuongeza cha pili. Ikaja kuonekana waliosubiri walifanya vizuri zaidi ukubwani, na wahamasishaji wameuimba sana huo utafiti kwamba nidhamu ndio kila kitu. Ila mwaka 2018 watafiti wengine wakarudia na watoto wengi zaidi, wakakuta tofauti ni ndogo kuliko ilivyosemwa, na ukizingatia hali ya nyumbani kwa mtoto sehemu kubwa ya ile tofauti inayeyuka. Ukikua kwenye nyumba ambayo cha kesho hakina uhakika, kula cha leo ni akili. Kwa hiyo simwambii mtu wa 5,000 kwamba hana nidhamu. Namwambia kama kuna jero, yaani 500, inayotoka kwa siku bila kujulikana imeenda wapi, anza na hiyo jero, na kama haipo basi tatizo lako ni kipato, hangaika na kipato kwanza, usijilaumu.

Dada anayeuza mboga kauliza kibubu kitamsaidiaje wakati mtaji na faida vinachanganyika kwenye mkoba mmoja. Dada yangu anza na vikopo viwili kabla ya kibubu. Kimoja hela ya kesho alfajiri sokoni, kikishajaa kiwango chake usikiguse, kinachobaki ndio chako. Shangazi yangu kauza dagaa hivyo miaka yote.

Ndugu wanaoomba hela. Hili limeulizwa na watu watatu na ndio gumu kuliko yote, maana sisi ni watu, hatuwezi kuishi kama hatuna ndugu. Kuna utafiti ulifanyika magharibi mwa Kenya, wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, ulitoka 2013. Watu walipewa kisanduku chenye kufuli, ufunguo wanakaa nao wenyewe, waweke hela ya mambo ya afya. Kisanduku tu hivyo, kibubu kwa lugha yetu. Akiba ya afya ikapanda kwa asilimia 66. Jambo lililonifurahisha ni kwamba hela kupewa kazi maalumu kulisaidia hasa wale ambao ndugu na marafiki wanawaomba mara kwa mara. Na vikundi vya kuchangiana navyo vilifanya vizuri sana. Mimi nimeliona hili kwangu. Zamani nikiombwa nilikua natoa kwa sababu hela iko mfukoni na siwezi kumdanganya mjomba wangu kwamba sina. Sasaivi nikisema "mjomba iliyopo ni ada ya mtoto" sijadanganya, kweli ni ada ya mtoto, ina jina. Na nimetenga 5,000 kila wiki ya ndugu, ikiwepo natoa kwa moyo mweupe, ikiisha nasema imeisha mpaka wiki ijayo. Wamezoea. Hakuna aliyeninunia zaidi ya mwezi.

Inachukua mda gani mpaka inakua mazoea? Kuna watafiti wa London, kina Phillippa Lally, 2010 walifuatilia watu 96 wanaoanzisha zoea jipya, wastani ikawa siku 66, ila aliyewahi alitumia siku 18 na makadirio kwa waliochelewa yalifika 254. Mimi kwa daftari langu ilikua kama mwezi wa tatu ndio nilianza kujisikia vibaya nikinywa chai bila kuweka. Alafu waliona kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Hili lishike sana ndugu yangu, kwa sababu wengi wetu hatuangushwi na siku tuliyokosa, tunaangushwa na yale maneno "si nimeshaharibu, acha nianze mwezi ujao".

Na yule aliyesema maisha ni mafupi, tule ujana. Nakubali tule. Jumapili yangu naitumia, nakula samaki na familia, naenda uwanjani kuangalia mpira, na hela yake imetengwa. Ila mimi ujana niliokula kwenye ile mikeka siukumbuki hata mmoja, wakati ile kuku ya siku ya kwanza ya uhuru naikumbuka mpaka ladha ya kachumbari yake.

Wazee wetu uhuru ulivyokuja 1961 waliunganisha maneno mawili wakasema Uhuru na Kazi. Nikiwa shule nilikua naona ni maneno ya kwenye mabango tu.

La mwisho, maana kesho naamka mapema. Wengi mmeuliza yule dogo imekuaje. Mwaka huu nilinunua pikipiki ya pili, kwa hela taslimu, dukani, bila ile 1,360,000 ya juu. Ilikua nimpe mtu mwingine ila nimezungumza na mama watoto tukakubaliana tumpe yeye. Mkataba nimeuandika jana usiku kwa mkono. Siku 7 za kuumwa kwa mwaka halipi hesabu na hanyang'anywi chombo. Kwangu atalipa 9,000, wala sio 11,000. Ile buku mbili inayobaki ni yake, anaiweka kwake, kila asubuhi, na kila Jumapili anakuja na daftari tunaangalia mistari pamoja.

Anakuja kesho saa 12 kuchukua funguo. Kibubu nimeshakinunua, kiko hapa mezani, nimekifungia spoku pembeni kwa mpira.